Zawadi za Krismasi ambazo kwetu Machame bado zinasimuliwa

Mleta mada kaolewa mwaka huu na kijana wa Kimachame. Desemba itakuwa mara yake ya kwanza kwenda ukweni kula sikukuu, na anaomba tumtajie zawadi tulizowahi kutoa au kupewa nyumbani ambazo watu hawajazisahau, ili naye ajue abebe nini; anasema ana laki moja na nusu. Wachangiaji wengi hapo juu wametaja bei. Mimi ni mtoto wa Machame, huko mteremkoni Kilimanjaro, Dar nipo kikazi, na nitajibu kwa yaliyotokea kwetu, kwa sababu bei ndiyo kitu pekee ambacho sijawahi kusikia kikisimuliwa jikoni kwa mama.

Kwa asiyekujua kwetu, Krismasi ni sikukuu ya kurudi. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na tangu hapo Ulutheri umekaa katika damu ya watu. Mtu anaweza kukosa harusi, anaweza kukosa Pasaka, lakini asipoonekana Desemba wazee wanaanza kuulizana kama ni mgonjwa. Kuanzia katikati ya mwezi, barabara ya kutoka Chalinze hadi Moshi mjini inajaa mabasi na magari madogo yaliyofungwa magodoro juu. Treni ya abiria ya Dar hadi Moshi iliporejea Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, shangazi yangu alifurahi kuliko wote, maana sasa angeweza kubeba mzigo wake bila kugombana na utingo.

Nianze na zawadi ya utotoni. Baba alikuwa dereva wa lori Dar, anakuja nyumbani mara chache. Sisi watoto tulikuwa watano kwa mama, huku Machame ya juu, karibu na msitu. Viatu vipya tulivipata Krismasi, basi. Lakini baba angejuaje ukubwa wa miguu ya watoto ambao kawaacha tangu mwezi wa nne?

Novemba ikishaingia, mama alituita uani jioni moja, miguu imeoshwa. Anachukua gome kavu la mgomba, lile tunalofungia majani ya ng'ombe, analichana nyuzi nyembamba. Unasimama kwenye ubao, anapima kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole gumba, anaongeza upana wa kidole chake kimoja kwa ajili ya kukua, kisha anakata. Halafu anafunga mafundo: fundo moja ni kaka mkubwa, mawili ni dada anayemfuata, matatu ni wa katikati, mimi manne, kitinda mimba matano. Nyuzi zote zinaingia kwenye bahasha pamoja na barua, bahasha anakabidhiwa kondakta wa basi anayemfahamu baba.

Baba alizunguka nazo Kariakoo duka kwa duka, akiingiza uzi ndani ya kiatu mpaka apate kinachokubali. Alipofika nyumbani tarehe 23 au 24 usiku, viatu vilimwagwa mkekani na ndani ya kila pea mlikuwa na uzi wake. Hakuna aliyeuliza kipi ni cha nani. Tulihesabu mafundo kwa mwanga wa kandili. Changu kilikuwa cheusi chenye bizimu la pembeni, na nakumbuka harufu yake ya gundi kuliko ninavyokumbuka pilau la siku hiyo.

Naileta hii kwanza kwa sababu naona watu wanadhani zawadi inaanzia dukani. Ile ilianzia uani kwa mama, mwezi mzima kabla. Aliyepima alikuwa mmoja, aliyenunua mwingine, na hadi leo dada yangu akisimulia huwa anataja uzi kwanza, kiatu baadaye.

Sasa blanketi, kwa kuwa najua hilo ndilo utakaloshauriwa na kila mtu. Ushauri wenyewe ni mzuri. Kule juu usiku kuna baridi hata Desemba, na mwezi wa saba ndiyo usiseme. Tatizo ni kwamba wazee wetu wana sanduku. Tulimnunulia bibi blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, akalipokea kwa mikono miwili, akalibariki, akaliingiza sandukuni. Krismasi iliyofuata tukalikuta vile vile ndani ya mfuko wake wa nailoni. Alikuwa anawawekea wageni. Wageni gani, hatukujua, maana hata askofu hajawahi kulala kwa bibi.

Dada yangu ndiye aliyejua namna ya kumtolea mtu kama yule. Mwaka uliofuata hakununua kitu kipya kabisa. Alifika, akapiga magoti kumsalimia bibi, akaomba ruhusa ya kumtandikia kitanda. Akafungua sanduku mbele yake, akachana nailoni, akatandika blanketi, akaomba lile kuukuu lenye matundu akalitandike kwa ndama. Bibi alilalamika hadi wakati wa chakula cha usiku. Asubuhi alichelewa kuamka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akatoka akasema, "Kumbe nilikuwa naficha usingizi." Sasa ukimuuliza bibi nani alimpa lile blanketi, anamtaja dada, wakati pesa tulichanga wote. Nami naona ana haki.

Kuhusu pesa kwa simu niseme kifupi. Tuma, wazazi wanahitaji, na hela ya sikukuu inaokoa mambo mengi: sukari, dawa, mchango wa kanisa, kijana wa kukata majani. Ila usitegemee itasimuliwa. Kaka yangu aliyeko Mwanza ametuma kwa miaka mingi kuliko sisi wote, na mama anamshukuru sana katika maombi, lakini kinachosimuliwa juu ya kaka huyo ni jogoo.

Hili la jogoo lazima nilieleze vizuri. Kwenye sharika zetu, baada ya ibada watu hutoka nje na kufanyika mnada wa sadaka za mazao. Mwenye mkungu wa ndizi kaleta mkungu, mwenye mayai kaleta mayai, kuna maziwa, miwa, maparachichi, kuku. Mzee wa kanisa anasimama kwenye ngazi ananadi, na fedha zinaingia kwenye sadaka. Mtu anaweza kununua kitu na kumpa mwenzake hapo hapo, au kukirudisha kiuzwe tena.

Bibi alikuwa na jogoo mwekundu, kishingo, wa kuamsha mtaa mzima. Alimpenda, na Krismasi ile akaamua kumtoa sadaka, maana kwake yeye hutoi kile usichokipenda. Alimwambia kaka kwenye simu siku kadhaa kabla, sauti yake imepungua kidogo. Kaka alisafiri usiku na mchana kutoka Mwanza, hakupitia nyumbani, akafikia kanisani ibada ikiwa katikati na begi lake mgongoni.

Mnada ulipofika kwa jogoo, kaka akaanza na elfu ishirini. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akapanda, ishirini na tano. Thelathini. Thelathini na tano. Watu wakaanza kucheka na kupiga makofi, bibi kakaa kwenye benchi lake la mbao anatazama pembeni kama hahusiki. Kaka akasema arobaini na tano, mzee wa kanisa akahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kaka akamchukua jogoo kwa mabawa, akavuka uwanja, akapiga goti akamweka bibi mapajani. "Shikamoo bibi. Krismasi njema."

Bibi akaitikia marahaba. Akamshika jogoo, akampapasa shingo, halafu akasimama naye. "Mjukuu wangu, Mungu akubariki. Lakini nilichokwisha kumpa Mungu sikirudishi bandani."

Uwanja ulinyamaza. Mzee wa kanisa, mtu mwenye hekima zake, hakuacha hali ile ichukue muda. Akasema basi mali ya Bwana inarudi mnadani. Mara ya pili mwalimu akampata kwa elfu thelathini, na bila kumshauri mtu akampelekea mama mmoja mjane, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, ambaye jogoo wake alikuwa kachukuliwa na kicheche. Tukarudi nyumbani bila jogoo, na njiani bibi kamshika kaka mkono mwanzo mwisho.

Krismasi iliyofuata, asubuhi kabla ya kanisa, yule mama mjane alibisha hodi kwa bibi na tenga. Ndani mlikuwa na mtetea mwekundu, kishingo, amekaribia kutaga. Huyo bibi alimpokea. Kizazi chake kipo bandani mpaka leo, na kila kijukuu anayekuja kutoka mjini anaonyeshwa na kuambiwa hawa ni kuku wa mjomba wako wa Mwanza.

Mleta mada, kuna upande mwingine ambao sijaona mtu akiugusa: utakachopewa wewe. Kwetu huwezi kurudi mikono mitupu. Mama mkwe ataanza kuandaa mzigo wako wa kurudi nao kabla hujafika. Mama yangu hukata mkungu wa mshare ukiwa haujakomaa kupita kiasi ili usiive njiani, anaufunga kwa majani makavu ya mgomba. Maparachichi anayafunga moja moja kwenye karatasi za gazeti, magumu chini, ya kuliwa siku ya kwanza juu kabisa. Halafu kahawa. Kwa babu kahawa ilikuwa ya kupeleka chama cha msingi, iuzwe kupitia KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wa tangu 1933, na wao wenyewe walikunywa chai. Mama siku hizi huacha debe moja lisiende popote. Anakoboa, anakaanga kwenye chungu, anatwanga, anachekecha, anaweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunga kwa mpira. Kila mtoto kopo lake.

Wifi yangu mmoja, mtu mzuri tu, mwaka wake wa kwanza alimwambia mama asihangaike na ndizi kwa sababu sokoni Mabibo, Dar, zimejaa. Ni kweli, Mabibo zimejaa, na nyingi zinatoka huko huko mgombani. Mama hakusema neno, lakini mwaka ule wifi alipewa kopo la kahawa peke yake. Alikuja kuomba ndizi mwenyewe mwaka uliofuata, akasimama na mama shambani akichaguliwa mkungu, na toka siku hiyo wanaongea kila Jumapili jioni. Kwa hiyo ukipewa mzigo, pokea kwa mikono miwili, uliza namna ya kuupika, na ukifika Dar piga simu useme mtori umekuwaje.

Na nyama pia ni zawadi, usiione ni chakula tu. Siku ya kuchinja, kila kipande kina mwenyewe. Kwetu kidari hakiguswi mpaka baba aseme kinakwenda wapi, na taratibu za ukoo mmoja si za mwingine, hivyo muulize mumeo kabla hujakata chochote jikoni. Ukiona umeitwa na kupewa kipande mkononi mbele ya watu, jua umeshahesabiwa mtu wa nyumbani.

Sasa ubebe nini. Umesema una laki moja na nusu, inatosha. Mchele mzuri kilo kumi, kwa sababu mlimani hatulimi mpunga. Sukari, mafuta ya kula na chumvi ni heshima ya kawaida, usikose. Baba mkwe mchukulie sweta zito, la vifungo mbele, wazee hawapendi la kuvaa kwa kichwani. Kwa mama mkwe, kabla ya kukimbilia kitenge, mpigie wifi yako aliyeko karibu na nyumbani umuulize mama analalamikia nini pale jikoni. Sisi tulifanya hivyo tukaambiwa kisu. Kisu cha kumenyea ndizi, maana utomvu umekula makali ya vyote, na mpini wa kile kizuri ulifungwa kwa kitambaa. Tulinunua viwili na jiwe la kunolea, havikufika hata elfu ishirini, na alivitumia mchana ule ule, vikiwa bado vina karatasi ya dukani.

Na kama bibi wa mumeo yupo hai, vyake vifunge peke yake: miche miwili ya sabuni, majani ya chai, sukari kilo moja, kanga doti moja. Usiviweke kwenye mfuko wa mama mkwe ukitegemea atagawiwa. Bibi ana jiko lake na ana mlango wake, mpelekee huko mwenyewe, ukae, unywe chai yake kwanza.