Bamvua likifika, darasa linabaki nusu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu tarajali, kwetu Njombe, niko kwenye mazoezi ya kufundisha pwani ya Kilwa, Darasa la Nne. Chuoni tulihimizwa kutumia maarifa ya wenyeji, nikamwalika bibi mmoja mvuvi wa pweza. Alisimama mbele ya ubao, akasema maneno mawili, akanyamaza. Mkufunzi aliyekuja kunikagua kaandika nimepoteza kipindi. Halafu kuna siku nusu ya watoto hawaji kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi wa watu hakukosa la kusema. Ulimtoa mwambani ukamsimamisha kwenye sakafu ya saruji, na anayoyajua yalibaki kule kule. Kosa ni letu wakufunzi. Nyerere aliandika mwaka 1967 kwamba watoto wa Afrika kabla ya ukoloni walijifunza kwa kuishi na kutenda. Sisi tumewakaririsha wanachuo maneno hayo kwa ajili ya mtihani.

Anza na daftari la mahudhurio. Tia alama siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, kisha tazama siku chache zinazofuata. Sitashangaa ukikuta ndizo hizo wasizokuja. Hilo ni bamvua: jua na mwezi vinaivuta bahari kwa pamoja, maji yanajaa sana na kupwa sana, mwamba unatoka nje. Na pwani yetu, siku za bamvua maji hufika chini kabisa kwenye saa nne asubuhi, katikati ya vipindi vyako. Watoto wapo mwambani na mama zao.

Jumamosi ya bamvua mwombe bibi akuruhusu umfuate. Vaa viatu vya kufunga, maana mwamba unakata, na utembee nyuma yake. Mimi nilimfuata mmoja hivyo zamani nikifundisha chuo cha pwani, nikapita kando ya shimo la pweza mara tatu bila kuliona. Akanishika bega, akaelekeza mkonjo wake, ile fimbo ya kuvulia pweza: maganda ya kaa na ya chaza, mapya bado, yamelundikana mlangoni pa tundu. "Huyu kala jana usiku," akasema. Miaka yote nilikuwa nawaandikia wanachuo "uchunguzi, ushahidi, hitimisho" ubaoni, na sikuwahi kuviona vikifanywa upesi namna ile.

Ukirudi darasani utakuwa na hesabu ya kweli. Kila siku maji yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Leo yamekupwa saa nne kamili, keshokutwa je? Wakikokotoa, waulize maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo na kupwa kidogo, yataanza lini, na uwaache wakusahihishe. Kwenye andalio la somo andika umahiri mahususi, yaani kile mtoto anachotakiwa aweze kufanya, kama ulivyo katika muhtasari wa somo, ili mkufunzi wako aone kipindi kinafika wapi.

Majaribio ya wiki usiyapange siku za bamvua. Zungumza na mwalimu mkuu mapema. Bibi naye muulize lipi lisifike darasani, kwa kuwa yapo anayowaachia wajukuu zake tu, na ukikatazwa heshimu. Usiende mikono mitupu. Bamvua ndizo siku zake za kupata fedha, nawe utamchelewesha. Mbebee kilo mbili za sukari.