Maswali yenu: kipulizio cha saksafoni ya besi

*Maalim, shikamoo. Nimepata saksafoni ya besi isiyo na kipulizio. Cha saksafoni ya baritoni, iliyo ndogo kuliko yake, kitafaa? (Mwanakwerekwe)*

Marahaba. Huenda kikaingia shingoni, lakini kuingia si kufaa. Bomba la saksafoni lina umbo la pia, yaani koni, iliyokatwa ncha, na tumbo la kipulizio, yaani shimo lake la ndani, ndilo linaloshika nafasi ya ncha hiyo. Ncha ya besi ni kubwa kuliko ya baritoni. Ukitia chenye tumbo dogo utakivuta nje mpaka kining'inie, na bado sauti za juu zitapanda kupita kiasi. Piga re ya chini, kisha re ya juu yake, simu yenye kipimo cha sauti iwe mbele yako. Zikiachana, kirudishe. Vipo vya baritoni vyenye tumbo pana vinavyokubali, ila muuzaji asiyekuruhusu kujaribu muache na mali yake.

*Namba 7 inatosha? (Chake Chake)*

Namba 7 ya nani? Kila kiwanda kina hesabu yake. Niandikieni uwazi wa ncha ya kipulizio, yaani pengo kati yake na ulimi, kile kijiti cha mwanzi kinachotetemeka, kwa milimita, nimeshaomba mara nyingi.

*Sauti za chini zinakwama. Ninunue cha chuma, chenye uwazi mkubwa? (Bububu)*

Usinunue chochote, mwanangu. Hapo ndipo zilipoteketea fedha zangu. Tulikuwa tukipiga beni harusini, sauti ya chini kabisa inagugumia, nikaagiza kipulizio kipana. Kilipofika, ikagugumia kwa kelele zaidi. Usiku mmoja mwenzangu akazima taa ya chumba, akateremsha kitaa kidogo ndani ya bomba, akafunga vifuniko vyote. Mwanga ukachomoza pembeni mwa kifuniko kimoja cha katikati, mwembamba kama uzi. Pedi yake ya ngozi, inayoziba tundu, ilikuwa imekakamaa. Tukatia mpya, sauti ikashuka mpaka chini siku ile ile, kwa kipulizio changu cha zamani. Sisi wa visiwani tumezungukwa na bahari, na unyevu huharibu ngozi. Kagueni pedi kila masika yakimalizika. Na uwazi mkubwa hutaka ulimi laini na pumzi nyingi, nayo besi inakunywa pumzi tayari.

*Kipulizio changu cheusi kimegeuka kijani, na kina ladha mbaya. (Wete)*

Ulikiacha barazani juani. Ebonaiti ni mpira uliopikwa na salfa, na jua huivuta salfa hiyo juu. Osha kwa maji baridi na sabuni, kikaushe kivulini. Maji ya moto ni marufuku, yatakipinda.

*Ulimi wa baritoni unaweza kutumika kwenye besi? (Mkoani)*

Uweke ulimi huo kwenye kipulizio, utazame kwenye mwanga. Ulimi ukifunika dirisha lote, lile tundu la kipulizio lililo chini yake, na kukalia kingo zote mbili, piga. Ukiacha upenyo hata wa unywele, tafuta wa besi.