Sakafu ya lamineti imeinuka katikati, nifanyeje?

Swali: Fundi, nimetandika lamineti sebuleni na baada ya mwezi katikati imeinuka. Ukikanyaga inashuka, ukitoa mguu inapanda tena. Nimeuziwa vipande vibovu?

Jibu: Vipande usivilaumu. Ndani ya lamineti kuna nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na mti hata ukisagwa hausahau asili yake: hunywa unyevu wa hewani ukatanuka, hewa ikikauka ukanywea. Sakafu hii haipigiliwi misumari chini, inaelea. Ikitanuka ikakuta ukuta, inapanda juu.

Ng'oa skatingi, zile mbao nyembamba za chini ya kuta, pande zote. Kati ya sakafu na ukuta panatakiwa pengo la milimita 10 hivi, na palipogusana ndipo pa kukata. Mara nyingi mgongo hushuka wenyewe baada ya siku moja au mbili. Usiishie kwenye kuta tu. Niliwahi kuzunguka chumba kizima nikipima mapengo, yote mazuri, kumbe kilichobana ni bomba moja la maji lililopitishwa kwenye tundu la kipimo chake kabisa. Tundu la bomba lizidi bomba kwa milimita 20, kisha ulifunike kwa kola, ile pete inayozunguka bomba. Angalia pia fremu za milango, na kama kuna kabati zito lililofungwa skrubu kupitia sakafu hadi chini, hilo nalo ni msumari.

Swali: Kuna sehemu inabonyea na kulia kila nikipita. Niongeze tandiko la sponji chini yake?

Jibu: Hapana! Sponji mbili zikikaa pamoja sakafu inanesanesa, na maungio yanakatika haraka zaidi. Hapo chini pana bonde. Fungua hadi ufike hapo, laza rula iliyonyooka ya mita 2, kisha mulika tochi kutoka upande wa pili. Mwanga unapopenya chini ya rula ndipo penye kasoro. Zaidi ya milimita 3 haikubaliki. Kilima kisage, bonde lijaze kwa simenti ya kusawazishia, na uiache ikauke sawasawa kabla ya kurudisha kitu.

Swali: Vipande havishikani. Nikigonga kwa nguvu, ulimi (ukingo uliochomoza) unavunjika.

Jibu: Acha kugonga, piga magoti uangalie ndani ya mfereji unaopokea ulimi. Chembe ya unga wa mbao isiyofikia punje ya mchele inatosha kuzuia ulimi usizame. Safisha kwa brashi kavu, ingiza kipande kikiwa kimeinama, kisha kishushe taratibu. Pa kugonga, weka kibao katikati. Nyundo isiguse ukingo. Ulimi ukishavunjika, kipande hicho kiweke kando, utakikata kwa ajili ya pembeni.

Swali: Jigso, msumeno wangu wa umeme, inachubua uso wa kipande.

Jibu: Kigeuze. Meno ya jigso hukata yakipanda, kwa hiyo uso mzuri utazame chini. Kwa msumeno wa mkono ni kinyume chake.

Swali: Chini yangu ni zege. Karatasi ya nailoni ni lazima?

Jibu: Lazima, hata zege lionekane kavu namna gani. Tumia yenye unene wa milimita 0.2, ipandishane sentimita 20 na uifunge kwa tepu. Ila nailoni si dawa ya zege bichi. Bandika kipande cha plastiki sakafuni, ziba kingo zote nne, kiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, subiri. Najua kusubiri kunachosha wakati maboksi yamejaa chumbani, lakini hata hayo maboksi yanahitaji saa 48 humo humo yazoee hewa.

Swali: Nimefika ukuta wa mwisho, imebaki nafasi ya sentimita 3 tu.

Jibu: Hesabu hii ilipaswa kufanywa kabla ya safu ya kwanza: ukiona ya mwisho itakuwa na upana chini ya sentimita 5, unaipunguza ya kwanza ili zigawane. Kama hutaki kufumua, gundisha ukanda huo mwembamba kwenye safu iliyotangulia, uvute kwa chuma cha kuvutia, kisha utie kabari ukutani hadi gundi ishike. Kabari uzitoe. Wengi huzisahau chini ya skatingi, halafu wananiandikia swali la kwanza.