Mjukuu, noti ya faru na kaunta buku la kwaya mbili

Uzi huu naufuatilia tangu juzi. Mleta uzi ana mjukuu wa miaka sita aliyeingia darasa la kwanza, mtoto analilia kwenda na bibi yake Kariakoo kununua vifaa vya shule, na wazazi wanasema ni usumbufu, vyote vinapatikana steshenari ya mtaani. Anauliza aende naye au asiende. Wengi mmejibu asiende: vibaka, jua, msongamano. Mimi jambo hili nimelikosea mara moja na kulipatia mara moja, yote mwaka huu huu, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kirefu.

Niseme kwanza mimi ni nani. Nimestaafu uhazili. Nilisoma Chuo cha Uhazili Tabora, nikapiga taipureta Posta miaka mingi kabla kompyuta hazijatukuta. Karatasi, wino na klipu ndivyo vilivyonilisha. Mwanzoni mwa miaka ya 80, bidhaa zilipoadimika, karatasi ya kaboni tuliitumia mpaka ukiinua dirishani unamwona mtu wa upande wa pili. Nyuma zaidi ya hapo, mwaka 1966, naanza darasa la kwanza kule Muheza, baba alinunua penseli moja akaikata katikati kwa kisu cha jikoni, nusu ya kaka nusu yangu. Kaka alipata kipande chenye ncha. Mpaka leo nikimkumbusha anacheka.

Kwa hiyo nikiingia duka la vifaa vya kuandikia mimi si mteja wa kawaida. Nanusa. Nafungua daftari katikati niangalie karatasi. Na mjukuu wangu, ambaye namwita mke mwenzangu kwa sababu babu yake anamdekeza kuliko anavyonidekeza mimi, amerithi ugonjwa huu.

Sasa, kosa.

Januari, wiki moja kabla ya kufungua shule, mwanangu alinipa orodha ya shule. Ada ilishafutwa lakini madaftari, sare na vikorokoro vingine ni vya mzazi. Mke mwenza akang'ang'ania twende wote. Tukapanda basi la mwendokasi Kimara Mwisho, tukashuka Msimbazi, na kufikia hapo nilikuwa nimeshajuta. Mnaijua Kariakoo ya Januari. Huna nafasi ya kuweka mguu, mwenye mkokoteni anakupigia kelele upishe na nyuma yako hakuna pa kupishia, machinga wa kushoto anaimba "daftari jero, daftari jero", wa kulia ana mabegi, wa mbele ana viatu vyeusi. Mtoto wa miaka sita kwenye umati ule haoni kitu. Nililielewa hilo nilipoinama kumfunga kamba ya kiatu: kwa kimo chake Kariakoo yote ni magoti, mifuko na matako ya watu. Mimi naona madaftari ya rangi zote yamepangwa hadi darini, yeye anaona jinzi.

Halafu tukaingia duka la jumla, wao wanauza kwa dazeni. Akaiona penseli moja ya waridi akaitaka. Kijana wa dukani akasema moja haiuzwi, labda achukue dazeni. Na foleni nyuma inasukuma. Nikamwambia "haraka, mama, haraka", neno ambalo ningeweza kulirudisha ningelirudisha. Alilia kuanzia pale dukani mpaka Magomeni Mapipa. Tulipofika nyumbani tukagundua nusu ya madaftari niliyouziwa kama ya mistari yalikuwa ya vyumba vya hesabu. Sikuyakagua, mimi niliyekagua karatasi za ofisi nzima! Jalada lilikuwa lilelile na jedwali la kuzidisha nyuma vilevile.

Basi hapo ndipo wanaosema "asiende" wana haki. Ila naona tatizo si Kariakoo wala si mtoto. Tatizo ni kuchanganya shughuli mbili ndani ya safari moja. Kutimiza orodha ya shule ni kazi, kama kulipa luku ya umeme. Kazi ile ifanye peke yako, asubuhi, kwa bei ya dazeni, urudi. Matembezi ya mtoto ni kitu kingine na hayana orodha.

Safari ya pili tulikwenda Februari, Jumamosi, orodha ikiwa imeshakamilika na madaftari yameshavalishwa makava ya kaki. Hatukwenda kununua kinachohitajika. Nilimpa noti ya elfu tano mkononi mwake, nikamwambia hii ni yako, tunakwenda dukani, utanunua utakacho, na ikiisha imeisha. Noti za kwetu zina wanyama, kwa hiyo yeye hajui elfu tano, anajua faru. "Bibi, faru wangu yupo," alikuwa akinihakikishia kila vituo viwili, anafungua kiganja, ananionyesha, anafunga.

Tuliondoka saa tatu asubuhi, basi la Kivukoni, tukapata viti. Mtoto anayejifunza kusoma mkalishe dirishani mwendokasi. Silabi zote za dunia zimo njiani. Ba-ru-ti. Ki-bo. She-ki-la-ngo. U-ra-fi-ki aliipata bila kusita. Kwenye Argentina alikwama, akaniuliza ni nini, nikamwambia ni nchi, akaniuliza kama ndiyo tumefika nchi hiyo. Kijana aliyekaa mbele yetu akageuka akamwambia, "Ndiyo, hapa Manzese." Basi zima likacheka.

Tukashuka Kisutu. Kule Jumamosi kumetulia, mtoto anatembea kwenye kivuli cha maghorofa na unaweza hata kumwachia mkono kidogo. Kuna duka nililokuwa nanunua tangu enzi za taipureta, sitalitaja, ni dogo, lenye kabati la kioo na mzee wa Kihindi nyuma yake. Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Mke mwenza akamwamkia, "Shikamoo babu," mzee akaitikia marahaba ya kuvuta, akaegemea kioo amwone vizuri.

Penseli za rejareja mzee huyu anaziweka wima ndani ya kopo la zamani la maziwa, na pembeni ana kipande cha karatasi cha kujaribia. Hicho kipande jamani! Kimejaa mikwaruzo ya watu wasiojuana: saini, jina la mtu nusu, namba za simu zilizokatwa, ua, mstari uliokwenda ukarudi. Mjukuu wangu aliuliza kama anaruhusiwa. Mzee akamsogezea. Akachukua penseli ya kwanza akachora duara. Ya pili, duara. Ya tatu, duara. Alijaribu tisa, na kila moja akiinamisha kichwa upande mmoja kama fundi saa. Mimi ulimi ulikuwa unaniwasha. Penseli zile zote sura moja, mistari myekundu na myeusi, bei moja. Nilitaka kumwambia zote ni sawa, chukua twende. Nikakumbuka Januari, nikafunga mdomo.

Ya saba akairudia. Akasema, "Bibi, hii nyeusi kuliko zenzake."

Nikasema labda umeikandamiza. Akatikisa kichwa. Mzee akaichukua, akavua miwani, akaisogeza karibu na jicho. "Mtoto kasema kweli. Hii 2B imeingia kwenye HB."

Nilifanya kazi na penseli miaka zaidi ya 30 na sikuiona. Yeye kaiona kwa duara.

Basi mzee akapata mwanafunzi. Akamweleza kwamba ndani ya penseli mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi: udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na maandishi yanafifia, hiyo ndiyo H, grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, hiyo B, na HB imekaa katikati. Akamwonya asiiangushe, maana ikianguka inavunjika ndani kwa ndani, nje huoni kitu, halafu kila ukichonga ncha inadondoka na watu wanalaumu kichongeo. Mimi kichongeo nimekilaumu maisha yangu yote. Kisha mzee akasema, kwa lugha ya wazee, "Sisi tukiita kalamu ya risasi."

Mjukuu wangu akairudisha koponi taratibu sana, kwa vidole viwili.

"Inaua?"

Tulichukua muda kumweleza. Kwamba risasi ni madini pia, kwamba zamani watu walidhani grafiti ni aina ya risasi na jina likaganda, kwamba ndani ya penseli hamna risasi ya madini wala ya bunduki. Alisikiliza yote, akaichukua tena, lakini niliona njia nzima aliishika ncha ikielekea chini.

Ilikuwa shilingi mia tano. Hapo ndipo hesabu ikaanza, na ndugu mleta uzi, hapa ndipo raha yenyewe ilipo. Ningemlipia mimi nisingeyaona. Mtoto mwenye hela ya kwake anakuwa mtu mwingine. Anauliza bei. Anaguna. Aliona begi lenye picha ya mwanasesere, akauliza, akaambiwa elfu ishirini na tano, akasema "ahsante, naangalia tu" kama mama mtu mzima. Wapi kalisikia sijui. Pengine kwangu.

Macho yake yakatua kwenye makaunta buku. Nilidhani atataka krayoni, au vile vibandiko vya nyota. La. Alitaka kaunta buku jeusi lenye mgongo mwekundu, kwa sababu Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, analo hilo hilo na ndilo anaandikia madeni. Mzee akamuuliza la kwaya ngapi. Akanitazama. Kwaya anayoijua yeye ni ya kanisani. Mzee akamfungulia: kwaya mbili, kurasa 192, kwaya tatu, 288. Akalipima la kwaya tatu kwa mikono miwili, likamwelemea, akachukua la mbili. Elfu nne.

Elfu nne na mia tano. Imebaki jero, na kwenye kioo kuna raba yenye umbo la kipande cha tikitimaji, hadi mbegu zimo. Elfu moja.

Sijui alisimama pale dakika ngapi. Aliondoa penseli kwenye mafungu, akairudisha. Aliondoa kaunta buku, akalirudisha. Wateja wawili walihudumiwa wakaondoka. Mzee hakumwambia kitu, alikuwa anapanga bahasha zake. Mimi nilikaa kwenye kigoda alichonipa, miguu inapumzika, nikimtazama mtoto anayefikiri, na naapa sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa mahali bila kutaka kuwa kwingine. Mzazi hana dakika hizo. Mwanangu angekuwa pale angemtolea hiyo mia tano ndani ya sekunde kumi ili awahi anakowahi, nami nilimfanyia vivyo hivyo alipokuwa mdogo.

Mwisho akaja akaninong'oneza: "Bibi, nikopeshe jero. Nitakulipa."

Nikamkopesha. Deni ni deni, tukashikana mikono mbele ya mzee kama shahidi.

Yale ya kawaida nitayapitia haraka. Ale kabla ya kutoka, mtoto mwenye njaa hachagui, anadai. Namba ya simu ya mzazi mwandikie mfukoni. Msichukue mizigo mingine njiani, sijui nyanya, sijui samaki wa Feri kwa kuwa mko karibu. Nililishinda jaribu hilo kwa shida. Na steshenari ya mtaani kwako ikiwa na mtu mvumilivu na kopo la penseli za kujaribu, nenda hapo hapo, si lazima mjini. Wasiwasi wangu na nyingi za mtaani ni kwamba ziko bize na kutoa kopi, mtoto akigusa kitu anaambiwa usiguse.

Jioni ile alikaa mezani na kaunta buku lake. Raba hakuitumia, kaiweka kando aitazame. Kila nikipita anaufunika ukurasa kwa mkono. Alipomaliza aliniita nione. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kwa ile 2B, herufi kubwa zilizokandamizwa hadi ukurasa wa pili umepata alama: BIBI 500.

Nikamwambia umekosea mke mwenzangu, hapo linatakiwa jina lako, wewe ndiye unayedaiwa. Akanitazama kwa huruma. Kaunta buku ni lake, akasema, na kwenye kaunta buku la Mangi halimo jina la Mangi, yamo majina ya watu wengine. Nimeomba nilipe pensheni ikitoka. Amesema mwisho Ijumaa.