Rangi nyekundu haina kaboni ya kupima
Kaka wa Masasi, umeuliza kwa nini wasipime kaboni kwenye michoro myekundu ya kale kwenye miamba ya jangwani ili kujua umri wake. Wekundu ule ni udongo wenye chuma, kaboni haimo. Ingekuwa mkaa, sawa. Ndiyo maana mara nyingi hupimwa kilichoufunika mchoro. Kule Qurta, Misri, michongo ya ng'ombe mwitu ilifukiwa na mchanga. Chembe za mchanga zikikaa gizani hukusanya nishati ya mionzi asilia. Maabara wakizimulika hutoa mwanga, unaoonyesha zilipigwa na jua lini mara ya mwisho. Ikatoka miaka kama 15,000, na huo ni umri wa mchanga tu, michongo haiwezi kuwa na umri mdogo kuliko huo! Mchanga wa juu pale ufukweni Mikindani ungesoma karibu na sifuri.