Tuanze na ng'ombe aliyekufa ghafla

Ndugu yangu, umeuliza kama Kenya inaweza kustahimili magaidi wakitumia vijidudu. Mimi naangalia kimeta kwanza, ugonjwa wa bakteria (anthrax) unaoshika mifugo na watu. Mwaka 2001 kule Marekani, barua zilizotiwa unga wa kimeta ziliwaambukiza watu 22, na 5 wakafa. Ugonjwa huohuo tunao hapa bila gaidi yeyote: mwaka 2015 uliua nyati wengi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na vijidudu vyake hukaa udongoni miaka na miaka.

Kwa hivyo njia ya kuugundua ni ileile, uwe umeletwa na mtu au umetoka ardhini. Daktari wa mifugo aambiwe, sampuli ifike maabara, hospitali ijulishwe, maana antibiotiki hufaa zaidi zikianza mapema.

Pengo kubwa naliona mwanzoni kabisa. Ng'ombe anaanguka ghafla, damu inamtoka puani na haigandi, dalili za kimeta hizo, na jioni nyama imeshagawanwa (nawaelewa, hasara ya ng'ombe inauma kweli). Tafadhali msimpasue. Mpigieni afisa wa mifugo wa wadi siku hiyohiyo, na aliyemshika aende kliniki.