Kabla Fundi Hajakitoa Kifaa cha Injini, Fuata Mpira Wake

Julai mwaka jana, mahali ninapoegesha gari huku Donholm palianza kuwa na madoa ya oili. Mwanzo matone mawili matatu asubuhi, na wiki moja baadaye doa la upana wa sahani. Gari lenyewe ni Toyota ndogo ya cc 1500, mtumba wa Japani kama magari ya wengi wetu hapa Nairobi. Nikalipeleka gereji. Fundi akaingia chini, akatoka akisema sili ya nyuma ya injini, ile pete ya kuzuia oili isivuje, imekwisha, lazima giaboksi ishushwe. Nikalipa shilingi 14,000, sili ikiwemo. Wiki tatu hazikuisha, matone yakarudi palepale.

Siku ile boneti ikiwa wazi niliona kijidude cha chuma, urefu wa kidole gumba, kimekazwa kwenye kifuniko cha juu cha injini. Mpira mweusi ulitoka kwake ukaelekea pale injini inapovutia hewa. Nikamuuliza fundi kazi yake ni nini.

"Hiyo ni ya nchi za baridi, mkubwa. Huku hata ukiiziba gari litaenda tu."

Kila mwenye gari mjini humu ameshaambiwa maneno hayo. Ndiyo yaliyoondoa themostati kwenye magari mengi, ilhali kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwa kawaida nyuzi 80 na kitu. Injini isiyofika hapo hunywa petroli zaidi na kuchakaa mapema, iwe Japani iwe Nairobi. Jambo hili huniuma, kwa sababu anayelipa ni mwenye gari, na hulipa polepole bila kujua.

Matone yaliporudi, niliamua kukichunguza kijidude kile mwenyewe. Kwanza nilidhani ni cha breki, maana upande uleule kuna mpira mnene uendao kwenye busta ya breki. Lakini huu haukufika huko. Nikadhani basi ni cha petroli. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, nikauchomoa mpira, nikapitisha kitambaa ndani: kikatoka na utando mweusi wa oili iliyogandamana kama lami.

Ukikuta kitu usichokijua kwenye injini, anzia hapo. Kinatoka wapi, kinakwenda wapi, na ndani yake hupita nini? Kina waya wa umeme? Changu hakikuwa na waya, kwa hiyo kompyuta ya gari haikuwa na la kukiamuru; mvuto wa hewa ndio uliokiendesha. Upande mmoja ni tumbo la injini penye oili, upande wa pili ni njia ya hewa. Basi kuna kitu kinachotoka tumboni na kurudishwa kuchomwa. Nilifika hapo bila kujua hata jina la kifaa.

Aliyenimalizia ni mzee mmoja fundi wa Kirinyaga Road. "Kijana wangu, injini nayo inapumua," aliniambia. Kila petroli inapolipuka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni, na kushuka kwenye oili, pamoja na mvuke wa maji na petroli ambayo haikuungua. Zamani gesi hiyo iliachwa itoke kwa bomba na kumwagika barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la California, lililokuwa likisongwa na moshi wa Los Angeles, likaanza kutaka magari mapya yafungwe vali ya kuirudisha ndani ichomwe. Ndiyo hiyo vali, na mafundi wengi huiita PCV. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mvuto ni mkali na vali hupitisha kidogo. Ukikanyaga mafuta mvuto hupungua, springi huisukuma vali, na gesi nyingi zaidi hupita.

Ikiziba, gesi hutafuta pa kutokea, na pepesi kuliko pote ni kwenye sili. Sili yangu mpya ilikuwa inasukumwa kutoka ndani. Foleni zetu nazo huchangia: ukikaa saa nzima Jogoo Road injini ikinguruma bila kwenda, na safari zako zote ni fupi, maji na uchafu hujikusanya kwenye oili na vali huziba upesi.

Mzee aliwasha injini, akafungua kifuniko cha kutilia oili, akaweka kipande cha gazeti juu ya tundu. Kikapeperuka. Injini inayopumua vizuri hukivuta karatasi kidogo. Kisha akazima, akaifungua vali na kuitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Akachukua mpya, akaitikisa: ta-ta-ta, kitu kinacheza ndani. Unaweza pia kuipuliza: kutoka upande wa injini pumzi hupita, upande wa pili hukwama. Puliza tu, usiivute kwa mdomo, maana mabaki ya petroli yaliyomo ni sumu.

Nililipa shilingi 900 kwa vali na mpira wake. Badilisha vyote viwili, kwa sababu mpira wa zamani huwa umeshakauka, na ukipasuka injini huvuta hewa pasipotakiwa na sailensa hutetemeka. Nenda dukani na vali ya zamani mkononi ulinganishe uzi wake na mpya. Na kama baada ya kubadilisha karatasi bado inarushwa juu, hapo uliza habari ya ringi, maana huenda zimechakaa.

Sili niliyofungiwa Julai ingali ileile. Haijaguswa tena.